Siri za Wafupi

Mwanangu Kabula,

Marahaba. Asubuhi uliponiamkia nilikuwa na pini tatu mdomoni, nikakuitikia kwa kunguruma kama trekta, nawe ukacheka ukaenda zako. Kwa hiyo marahaba yako nzima, ya mtoto anayesafiri, nakupa hapa kwenye karatasi.

Sasa hivi uko Nkololo kumuaga bibi yako, na najua hutarudi kabla jua halijashuka, kwa sababu bibi hajawahi kumwachia mtu aondoke kwake bila kula mara mbili. Baba yako amekwenda stendi kukata tiketi yako ya kesho ya Dodoma. Mimi nimewaambia wateja wa sare za shule wanione keshokutwa, nimekaa kwenye cherehani bila kitambaa, naandika. Fundi akikaa kwenye cherehani bila kitambaa watu hudhani amefiwa. Mama Holo wa duka la jirani amekwisha kuchungulia mara mbili kuuliza kama kuna tatizo. Nilipomwambia naandika barua aliniangalia kwa huruma, kana kwamba simu yangu imeibwa.

Mambo ya kula, ya kulala na ya marafiki wa kuwakimbia sitayagusa. Baba yako alikuhutubia juzi tangu saa kumi mpaka chakula cha usiku, na aliyoyasema yanatosha chuo kizima. Mimi nina jambo moja tu, na linanihusu mimi kuliko wewe.

Jana ulipokwenda kusuka nilifungua begi lako. Usikasirike, mimi ni mama yako, na zipu ile niliiweka mimi. Nikaona vyeti, mashuka, viatu vya kanisani, hata ile sufuria ndogo uliyosema huitaki. Gi yako haikuwemo. Suti yako nyeupe ya karate, niliyokushonea kwa marekani nzito, iko palepale inapokaa siku zote, kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chako, na mkanda wa kahawia juu yake. Hukuisahau. Mtu hasahau kitu kinachomgusa bega kila anapofunga mlango. Umeiacha.

Najua pia umeiacha tangu lini. Moyoni, tangu mashindano ya Mwanza. Unaamini ulipigwa na yule msichana mrefu kwa sababu mkono wako ni mfupi na moyo wako mdogo. Hukuniambia, lakini nilikusikia ukimwambia baba yako kwamba karate ni ya watu waliozaliwa nayo, na kwamba chuo ni kwa ajili ya masomo. Mwanangu, kosa la Mwanza ni langu. Nimekaa nalo miezi miwili kama mtu aliyemeza kokwa la embe, na leo nalitema.

Ulikuwa na miaka kumi baba yako alipokuandikisha kwa Mwalimu Maduhu, kwenye lile ghala la zamani la pamba. Mimi sikutaka. Nilisema mtoto wa kike atavunjwa meno, na nani ataoa kibogoyo. Baba yako akasema basi nenda ukamlinde. Nikaenda. Kila Jumatatu na Alhamisi nilikaa mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikishona vifungo kwa mkono, na kila ulipoguswa nilipiga kelele. Wiki ya tatu Mwalimu Maduhu akanijia. Unamjua asivyo na maneno mengi.

"Mama Kabula," akaniambia, "unapiga kelele kuliko wanafunzi wangu wote. Ingia ndani uzipige kwa faida."

Nikaingia, na miaka yangu thelathini na minne na kimo changu hiki unachokijua. Wiki ya kwanza nilifunga kanga juu ya suruali, maana nilisema siwezi kuinua mguu mbele ya wanaume. Kanga ilianguka kwenye teke la kwanza, na teke lenyewe halikufika popote. Ndipo nikashona gi. Nilianza na yangu, yako ikafuata. Hilo nalo nisamehe.

Wanawake tulikuwa wawili tu mle ghalani, wewe na mimi. Mwalimu alitaka upambane na wavulana wa rika lako. Nikakataa. Nilisema binti yangu hatashikwashikwa na vijana wa watu, na ukali wangu unaujua, Mwalimu aliufyata. Basi kila ilipofika kumite, ile ya kupambana wawili wawili, tuliinamiana wewe na mimi, Jumatatu na Alhamisi, mwaka hadi mwaka. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa mimi niliona yananinyookea.

Mwanzoni nilikuwa nikiuona utosi wako. Ulipofika darasa la saba tukatazamana macho kwa macho. Kidato cha pili ukawa unauona utosi wangu wewe. Ni damu ya baba yako, wale watu wa Ipililo wanaoinamia kila mlango. Nilikutania kwamba sikio halizidi kichwa, nawe ukacheka, ukainua mguu mrefu kama mpini wa jembe, ukaniambia, "Haya, kichwa, jilinde." Na bado nikawa nakushinda. Ulikuwa ukiniuliza, Mama umeingiaje? Nikakujibu ni uzoefu.

Haukuwa uzoefu. Nilikuwa na siri, nikazificha makusudi. Mama mwema angekufundisha. Mimi nilitaka kushinda.

Siri kubwa sikuipata kwa Mwalimu Maduhu. Niliipata zizini Nkololo nikiwa na miaka minane au tisa. Bibi yako alikuwa na ng'ombe mwekundu, mtulivu wa uso na mkali wa teke. Siku aliyoniambia nimkamue niliogopa, nikachuchumaa mbali, nikanyoosha mikono mpaka viwiko vikauma, ili mguu wake usinifikie. Ulinifikia vizuri sana. Kibuyu kilikwenda kwake, na mimi kwangu. Bibi yako hakuja kuniokota. Alisimama pale na kanga yake kiunoni akaniambia, "Umekaa mahali ng'ombe anapokutaka." Kisha akachuchumaa yeye, akaweka bega kwenye paja la yule ng'ombe, akaegemeza kichwa ubavuni, akakamua. Ng'ombe alijaribu teke lake, lakini mguu haukupata nafasi ya kujikunjua. Ulimsukuma kidogo tu, kama mtu anayekuomba umpishe njia.

Mtu mrefu ni yule yule ng'ombe, Kabula. Kuna mbali ambako hakufikii, na huko unaweza hata kunywa chai. Kuna karibu kabisa, kifuani pake, ambako mikono yake mirefu inageuka kuwa mzigo wake. Na kuna pale katikati, ambapo yeye anakufikia na wewe humfikii. Sisi waoga wote tunasimama katikati tukidhani tumejitenga naye. Pale ndipo anapokutaka.

Kwa hiyo nilikuwa nakaa mbali nikikusubiri, na niliingia mguu wako ulipokuwa ukirudi chini. Mguu mrefu una safari ndefu ya kwenda na safari ndefu ya kurudi, na ukiwa njiani kurudi hauwezi kufanya kazi nyingine. Sikuingia moja kwa moja. Nilipita upande wa nje wa mguu wako wa mbele, ambako mkono wako wa nyuma ulikuwa ukinitafuta na kukuta bega lako mwenyewe limeziba njia. Tena sikukutazama usoni hata siku moja, maana uso wako nikiutazama nakumbuka ulivyokuwa na surua. Nilitazama fundo la mkanda wako. Macho hudanganya, na mabega hudanganya, lakini sijaona mtu aliyekwenda mahali akaacha kiuno nyumbani. Na nikishakugusa tumbo sikurudi kinyumenyume kwa njia niliyojia, kwa sababu ni kupita tena katikati, na ng'ombe bado yuko macho. Nilikuganda, au nikatokea upande wa pili, nawe ukabaki unageuka kunitafuta huku Mwalimu ameshainua mkono upande wangu.

Ndizo hizo. Zimeniuma kuzitoa, kidogo.

Usidhani basi kwamba niliyaishi haya kama nilivyoyafanya ghalani. Nikiwa na miaka kumi na minane, mmoja pungufu ya wako, nilipata nafasi chuo cha ushonaji Shinyanga. Siku hizo Bariadi yetu bado ilikuwa ya mkoa wa Shinyanga, na kwangu mimi ilikuwa sawa na kwenda Ulaya. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mrefu, tepu shingoni, Kiswahili chake kikimiminika bila kusimama. Siku ya pili aliniuliza swali. Nikajibu nusu Kiswahili nusu Kisukuma, darasa likacheka, naye akatabasamu. Tangu siku hiyo nilihamia benchi la mwisho. Pale nilikuwa mbali kiasi cha kutosikia anachofundisha, na karibu kiasi cha kuulizwa maswali. Wiki ya sita nilirudi Nkololo na sanduku langu, nikasema tumbo linanisumbua. Bibi yako alininywesha dawa chungu siku tatu kwa ajili ya tumbo lililokuwa zima kabisa. Kushona nilikuja kujifunza kwa kufumua nguo za watu, na ndiyo maana mpaka leo kola zangu zina walakini. Nikimkumbuka yule mama sasa, hakuwa na ubaya wowote. Ningekwenda kukaa benchi la mbele, chini ya tepu yake, angenifundisha kola.

Hilo la tumbo baba yako hajui. Akikuuliza, sema hujui na wewe.

Turudi ghalani. Kukushinda kulinilevya. Sokoni waliniita Mama Teke, nami nikawa naitika. Nikimpima mteja kiuno namsimulia jinsi nilivyomweka chini binti wa kidato cha nne. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na langu lilikuwa maji matupu. Baba yako aliniuliza siku moja, kwa upole wake ule, kama sioni ajabu mwanamke wa miaka arobaini na moja kumshinda msichana wa kumi na saba kila Alhamisi. Nikamwambia ana wivu.

Ndipo likaja la Mwanza.

Yule msichana alipoingia uwanjani, watu wa kwetu waliguna. Alikuzidi kichwa kizima. Kwa mara ya kwanza tangu uote urefu wa baba yako, wewe ndiye ukawa mfupi. Niliona ulivyoinua kidevu kumtazama, nikaingiwa na baridi, kwa sababu mimi ninayeijua kazi ya kuinua kidevu sikuwahi kukufundisha. Sita kwa sifuri. Ulimwinamia, ukamwinamia mwamuzi, ukaenda kukaa nyuma ya ukumbi na taulo kichwani. Nilikufuata, ukasema niache, nikakuacha.

Sasa kuhusu lile lililokufanya uninunie kutoka Mwanza mpaka Lamadi. Ni kweli nilimshonea adui yako. Nilimkuta bombani, gi yake imefumuka begani, na mikono yake inaishia karibu na kiwiko. Macho ya fundi hayana adabu. Alikuwa na pambano jingine, na mimi sitembei bila sindano. Akanipa shikamoo, akachuchumaa nimfikie bega, akaanza kunisimulia akicheka kwamba hakuna duka lenye nguo zake, kwamba darasani hukaa amejikunja ili wa nyuma waone ubao, na kwamba kwao kitu chochote kikiwekwa juu ya kabati huitwa yeye. Mrefu naye ana yake. Nilimpenda, nikubali tu.

Nikiwa nakata uzi akaniambia, "Mama, mwanao ana mkono mwepesi kuliko wangu. Ila haufiki."

Nikamwuliza kama ni kwa sababu mikono yake mirefu ilikuzuia. Akasema hapana. Mara mbili uliingia mpaka kifuani pake, yeye akafumba macho akingoja, na ngumi ikasimama yenyewe umbali wa kiganja. Sheria inataka uguse kidogo na kurudisha, hilo tunajua wote. Wewe hukugusa kabisa. Alisema alishangaa, akadhani unamhurumia.

Sindano ilinichoma kidole. Kile kiganja nilikifahamu. Kilikuwa kati ya ngumi yako na kifua changu kila Jumatatu na Alhamisi, na mimi miaka yote nilidhani ni mimi ninayekwepa.

Unakumbuka Jumatatu iliyofuata. Tuliinamiana, nikakuambia nipige. Ukasema unapiga. Nikasema nipige kweli, hapa, nikajigonga kifuani. Ukashusha mikono yote miwili, ukatazama sakafu.

"Siwezi, Mama. Bibi alisema mkono unaompiga mzazi unakauka."

Nikasema basi, tufagie ukumbi. Ukadhani nimeudhika. Nilikuwa nageuza uso tu, usinione.

Kwa sababu nilikumbuka siku yenyewe. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, tuko Nkololo tunamenya karanga, bibi anasimulia habari ya jirani mmoja aliyempiga baba yake kwa ugomvi wa mipaka ya shamba. Akasema mkono ule utakauka. Na mimi, Kabula, mimi mama yako, niliitikia. Nilisema ndiyo, unakauka, huo haufiki mavuno. Kesho yake tukarudi Bariadi, nikakuvalisha gi, nikakuambia unipige. Wewe mtoto mwenye adabu ukatafuta njia ya kututii wote wawili: ukapiga, usifike. Hukulalamika, hukuuliza. Ulifanya hivyo miaka minane. Na mkono ukishazoea kutofika kwa mama hauulizi tena aliyesimama mbele yake ni nani.

Jumamosi nilipanda bodaboda mpaka Nkololo bila kumwambia mtu. Nilimkuta bibi yako anaanika michembe, viazi vyake vya kukausha. Nikamweleza yote, nikamwuliza kama kuna namna ya kumfungua mtoto na neno kama hilo. Nilidhani atasema tuite wajomba, tutafute maji, tutafute unga, labda na kondoo. Alicheka mpaka akakaa chini kati ya michembe yake.

"Minza," akaniambia, "wewe ulinipiga mateke tumboni miezi mitano, usiku na mchana. Ubavu huu mpaka leo unauma mvua ikikaribia. Ni mguu gani umekauka?"

Nikamkumbusha yule jirani. Akasema jirani alimpiga baba yake kwa hasira, na hasira ndiyo inayokausha. Mtoto anayeinama, akacheza na mama yake, akainama tena, huyo anacheza. Kisha akaniuliza kama nimekuja na sukari.

Nilirudi nikiimba nyuma ya bodaboda. Kijana aliyeniendesha alidhani nimepata posa. Nilipofika nyumbani nikakukuta unafua, nikafungua mdomo nikwambie, nikaufunga.

Miezi miwili, Kabula. Nataka ujue kwa nini, kwa sababu ni aibu na aibu ikisemwa hupungua. Kukwambia kulikuwa ni kumzika Mama Teke. Ushindi wangu wote ulikuwa zawadi yako, uliyonipa kimya kimya, nami nilitembea nao sokoni kama mtu anayesifiwa kwa ng'ombe wa kuazima. Kila Alhamisi nilisema nitakuambia Alhamisi ijayo, na kila Alhamisi nilikuona unazidi kuamini kwamba una moyo mdogo. Moyo mdogo, wewe! Mtu aliyepigwa na mama yake mbele ya watu miaka minane, akainama na kutabasamu, ili tu asimvunjie heshima. Nisamehe, mwanangu. Wanasema ukubwa jalala, lakini taka za safari hii nilizimwaga mwenyewe.

Nilipojua nilijisikia vibaya kwa namna nyingine pia, nikwambie ukweli. Nilijisikia nimedharauliwa kidogo. Baadaye nikacheka, nikaelewa kitu ambacho Mwalimu Maduhu husema kwa maneno matatu na mimi nitakisema kwa mengi. Adabu yetu tumeshaiweka kwenye kule kuinama. Ukishainama, mwenzako anastahili ngumi yako ya kweli. Yule msichana wa Mwanza alisafiri, akapanga foleni, akafunga mkanda, akafumba macho akiingoja, nawe ukamnyima.

Huko Dodoma utakutana na warefu wa kila aina, na wengi wao hawavai gi. Wapo watakaokuzidi Kiswahili, Kiingereza, nguo na majina ya baba zao. Sikufundishi namna ya kuishi nao, mimi niliyeshindwa na mama mwenye tepu. Nakuomba tu usikae benchi la mwisho ukiita adabu. Ukiwa na swali, lifikishe. Ukipenda mtu, mwambie mpaka neno la mwisho. Ukikataa, kukataa kwako nako kufike. Mimi nimezaa mtoto mwenye heshima kuliko wote ninaowajua, na ninaona fahari mpaka machozi yananitoka juu ya cherehani, lakini heshima inayosimama umbali wa kiganja haimfikii mtu, hata yule unayemheshimu.

Jana jioni nilimpigia bibi simu. Nilimwomba akwambie leo kwa mdomo wake mwenyewe habari ya ubavu wake, na akupulizie maji ya baraka kifuani kama alivyonipulizia mimi nilipokuwa naolewa. Sikutaka uhuru wako utegemee karatasi. Kwa hiyo utakaporudi jioni na kifua kilicholowa na mfuko wa michembe, utakuwa umeshafunguliwa, hata kama hutasoma mstari mmoja wa haya.

Sasa barua yenyewe. Nimeishusha gi yako msumarini, nimeikagua. Bega la kushoto lilikuwa limeanza kuachia, nimelipiga mshono mara mbili. Upindo wa mikono nimeushusha, maana bado unakua, hata ukikataa. Kola sijaigusa, tusije tukaharibu. Nimeikunja, nimeifunga kwa mkanda kama tunavyobeba kwenda ghalani, na barua hii itakuwa ndani, upande wa moyo. Ningeweza kuitia begini. Nafasi ipo, nimepima. Mkono wangu ulikwisha kufika kwenye zipu, na safari hii ni wangu ndio uliosimama. Hilo si pambano langu. Nimeitundika palepale kwenye msumari.

Ukiiacha, hujanikosea. Barua nitaisoma mwenyewe siku nikikukumbuka, nawe utabaki Kabula wangu yule yule. Ukiichukua, basi siku moja jioni, huko ukumbini kwenu, mbele ya mtu anayekuzidi kichwa, utaifungua na karatasi itaanguka miguuni pako, ndiyo hii unayosoma. Msome kiuno. Uache mguu wake urudi. Ingia. Na likizo ukija, Alhamisi, tutainamiana wewe na mimi, na ukinikosa kwa kiganja nitakuchapa bakora kama mtoto mdogo.

Kesho basi likishaondoka sitabaki stendi kufuta machozi na wenzangu. Baba yako atanisubiri bure. Nitarudi nyumbani mbio, nitaingia chumbani kwako, nitafunga mlango nyuma yangu na kugeuka. Nikikuta msumari mtupu, mwanangu, nitapiga zile kelele zangu za mlangoni mwa ghala, zote, mpaka Mama Holo aje kuuliza nani amefariki.

Mama yako mfupi,
Minza